Kibaba cha Saa Ishirini na Nne

Chupa ni ya lita tatu, ya kahawia, kifuniko chekundu.
Muuguzi Bronagh aliliandika jina langu kwa kalamu nene,
akakosea herufi, nikamwachia.
"Ya kwanza ya alfajiri imwage," alisema,
"kisha kila tone, mpaka alfajiri ya pili."
Haja ndogo, twaiita. Leo imekuwa kubwa:
ina chupa yake, ina saa yake,
ina rafu yake ndani ya friji, kati ya maziwa na mtindi,
na mjukuu wangu Sulaym kaibandikia karatasi:
SI JUISI.

Nje, Northampton inanyesha rasharasha,
mvua isiyojaza ndoo na isiyojua kukoma.
Haba na haba, nilifundishwa.
Sikuambiwa kibaba gani.

Mimi ni mtu wa vipimo.
Miaka ishirini na miwili nimepikia harusi za watu
katika ukumbi ulio nyuma ya kiwanda cha viatu,
mchele kwa pishi, bizari kwa kiganja,
chumvi kwa jicho.
Daktari Ogilvie aliponiuliza kama najua kazi ya figo
nikamwambia, ni kifumbu.
Ilibidi nimchoree. Akautazama mchoro kwa muda.
"Basi chako," akasema, "kimelegea ukindu,
machicha yanapita na tui."

Na ile kreatinini wanayoitafuta damuni?
Moshi wa misuli, akanieleza.
Nyama ikifanya kazi hufuka,
na moshi ukijaa nyumbani, kagueni dohani.
Ila usile mbuzi usiku wa kuamkia kipimo, Bi Zuwena,
utatutia moshi usio wako.

Sitini na moja. Hamsini na mbili. Arobaini na tatu.
"Namba moja si hukumu, tazama mstari."
Nikautazama. Ulikuwa ukishuka taratibu
kama mtu aliyebeba sinia la vikombe.

Kisha ukaja mwaka waliobadili hesabu.
Kumbe kanuni ya zamani ilikuwa na kizidisho
kwa ajili ya weusi wangu,
kana kwamba figo hujitazama kiooni kabla ya kuchuja.
Walipokifuta, thelathini na nne ikawa ishirini na tisa
nami sijanyanyuka kitini.
Sikuugua zaidi siku ile. Nilijua tu
kwamba nilikuwa nimeugua zaidi ya karatasi yangu.

Kwa ishirini na tisa dawa ya sukari ikasimamishwa.
Kwa ishirini na tisa nikaonyeshwa chumba cha mashine,
viti kumi, blanketi kumi, redio moja.
Viazi sasa nachemsha mara mbili, maji namwaga.
Tende nafungulia moja,
naing'ata polepole, kokwa nakaa nayo mpaka taraweh.

Thureya, binti yangu, kaenda kupimwa bila kuniaga.
Yake ni mia na nne.
Kaja na namba hiyo jikoni kama aliyeleta posa.
Nikamwambia figa moja haliinjiki chungu.
"Hilo ni figa, mama," akasema. "Mimi nasema figo."
Nikageuka kukoroga sufuria
isiyokuwa na kitu.

Usiku niliamka mara nne.
Kila mara taa ya friji ilinimulika miguu,
kila mara nikaandika saa kwenye kipande cha bahasha.
Saa kumi na moja unusu, tone la mwisho.

Basi la kwanza lilikuwa na wasafishaji watatu na mimi,
chupa mapajani, ndani ya mfuko wa viatu.
Bronagh akaiinua dirishani, akafumba jicho moja,
kama ninavyopima chumvi.
"Lita moja na robo tatu. Umekusanya vizuri."
Namba yenyewe ingekuja Alhamisi.
Wallahi nilifurahi,
mwanamke wa miaka sitini na saba,
kwa kusifiwa mkojo.
Nikampigia Thureya kumwambia hilo,
na sikukata simu alipoanza tena habari ya figo.